Pesa ya kupaki nayo iandikwe katika daftari ya nyumba

 

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya pesa moja ambayo watu wengi hawaihesabu, lakini inakula nyumba polepole kama mchwa. Ni pesa ya kupaki.

Tunajua wengine mtacheka. Mtasema, mkimbizi na kupaki wapi na wapi? Gari lenyewe liko wapi? Lakini hebu tuangalie vizuri. Katika nyumba nyingi za hapa Nakivale kuna mtu mmoja aliyeshuka Kampala kutafuta. Huyu anaendesha boda. Yule anafanya usafi katika jengo la mjini na anakwenda kazini na pikipiki ya kaka yake. Mwingine ni mtafsiri, mwingine ana gari kuukuu analotumia kama special, na mama mwingine anauza vitenge. Wote hao, kabla hawajapata shilingi ya kwanza ya siku, wameshalipia mahali. Kazi ya mjini inaanza na kulipia mahali pa kusimama.

Na tunaongea sasa kwa sababu sasa ndipo inauma. Mnakumbuka chakula cha msaada kilivyopungua. Mwezi wa nne mwaka 2020 kilikatwa kikabaki asilimia 70, na mwezi wa pili mwaka 2021 kikashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, wengine wakaambiwa wanaweza kujitegemea. Mwaka 2025 watu karibu milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika orodha ya chakula. Kwa hiyo kile kinachotumwa kutoka Kampala, ambacho zamani kilikuwa cha sabuni na chumvi, leo kwa nyumba nyingi ndicho unga wenyewe. Kikipungua kidogo tu, mtoto anaona katika sahani.

Hapo ndipo ugomvi unaanza. Mama wa kambini anapiga simu: "Papa wa watoto, faranga zinaenda wapi?" Baba wa Kampala anajibu: "Maisha ya huku ni magumu." Jibu hilo halisemi kitu. Mama anaanza kufikiri juu ya pombe, au juu ya mwanamke mwingine. Kumbe mara nyingi hakuna pombe wala mwanamke, ni pesa ya steji na pesa ya kulaza pikipiki, ambazo baba mwenyewe hajawahi kuziandika hata siku moja.

Kupaki kwa mtu wa Kampala ni nini?

Kuna namna nne, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni steji. Mwenye boda hawezi kusimama popote anapotaka akangoje wateja. Steji ina mwenyekiti wake, katibu wake na mwenye kushika pesa. Anayetaka kuingia analipa ada ya kuingia, na baadaye anatoa mchango wa siku au wa wiki. Asiye na steji anaweza kubeba mteja njiani, lakini akisimama mahali pa wenzake atafukuzwa. Tangu SafeBoda ilipoanza Kampala mwaka 2014, vijana wengine wanapata wateja kwa simu. Hiyo inasaidia, ila programu nayo inakata sehemu yake, na mwendeshaji bado anahitaji mahali pa kusimama akingoja simu ilie.

Ya pili ni kulaza pikipiki usiku. Pikipiki zinaibiwa Kampala, hilo tusifichane. Kama pikipiki ni ya mtu mwingine, mwenyewe anataka ilale mahali penye ukuta na mlinzi. Mahali hapo panalipwa kila usiku, umefanya kazi au hukufanya.

Ya tatu ni kupaki kazini. Barabara za katikati ya mji ziko chini ya KCCA, mamlaka iliyochukua nafasi ya halmashauri ya jiji mwaka 2011. Gari likisimama mahali pa kulipia linaandikiwa tiketi. Majengo ya biashara nayo yana bei zao, na hata pikipiki iliyoachwa pembeni inaweza kuwa na askari wa kuiangalia ambaye jioni anangoja kitu. Mfanyakazi wa chini ambaye hana nafasi ndani ya uzio wa kazi yake anakutana na hilo kila siku.

Ya nne ni ya akina mama wa biashara. Mzigo wa vitenge nao unalala. Huwezi kuubeba kila jioni mpaka Katwe au Nsambya na kuurudisha asubuhi, kwa hiyo unaulaza katika stoo karibu na soko, na stoo inalipwa. Tofauti na pikipiki ni magurudumu tu.

Somo kutoka kwa wenye teksi

Wenye teksi za Kampala walijifunza jambo hili kwa maumivu. Zamani chama cha UTODA ndicho kilikuwa kinasimamia paki za teksi na kukusanya pesa. KCCA ilipoingia, kila teksi ikawa inadaiwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Wengi walilia, wengi walibaki na madeni. Mwaka 2022 serikali ikaweka ada moja ya mwaka, na kwa Kampala ilikuwa shilingi 720,000 kwa teksi.

Sasa angalieni namba hizo. Laki saba na elfu ishirini ukiisikia mara moja inatisha. Igawanye kwa miezi 12, unapata 60,000 kwa mwezi. Igawanye tena kwa siku 30, unapata 2,000 kwa siku. Dereva anayetenga 2,000 kila jioni hana hofu siku ya kulipa. Yule anayengoja siku ifike ndiye anayekwenda kukopa kwa riba. Ada ni ileile kwa wote wawili, lakini mmoja analala usingizi.

Na sisi tufanye hivyohivyo. Pesa yoyote ya kupaki, iwe ya siku, ya wiki, ya mwezi au ya mwaka, tuigeuze iwe pesa ya siku moja. Hapo ndipo tutaijua sura yake.

Tupige hesabu pamoja

Chukueni kalamu. Namba hizi ni za mfano tu, kila mtu ataweka zake.

Tuseme baba wa boda, akishatoa mafuta na pesa ya mwenye pikipiki, anabaki na 15,000 kwa siku. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000.

Mama wa kambini anajua mambo mawili ya Kampala: nyumba na chakula. Nyumba ni 100,000. Chakula ni 5,000 kwa siku, kwa siku 30 ni 150,000. Anatoa hizo mbili katika 390,000, anapata 140,000. Kwa hiyo anangoja 140,000. Ameshapanga: unga, karo ya mtoto, dawa ya nyanya.

Lakini baba ana mistari mitatu ambayo mama haijui. Mchango wa steji ni 500 kwa siku, kwa siku 26 ni 13,000. Kulaza pikipiki ni 1,000 kwa usiku, kwa usiku 30 ni 30,000. Mara nane kwa mwezi anapeleka mizigo mjini na kulipa 1,000 ya kupaki, ni 8,000. Jumla ni 51,000.

Kwa hiyo anatuma 89,000. Na hata hiyo haifiki yote, kwa sababu kuna ada ya kutuma na ya kutoa pesa ya simu, na kuna kodi ya nusu asilimia ambayo serikali inakata wakati wa kutoa.

Mmeona? Mama anangoja 140,000, anapokea 89,000. Nyumba imebaki na shimo la 51,000 ambalo hakuna aliyeliiba na hakuna aliyelieleza. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa tunaongeza kwamba saa zingine na ndoa inapotea pamoja nayo.

Mambo ya kufanya kwa aliye Kampala

Kwanza, andika. Nunua daftari ndogo ya mtoto wa shule. Kila jioni kabla ya kulala andika mistari mitatu: nimepata ngapi, nimelipia mahali ngapi, nimekula ngapi. Usingoje mwisho wa mwezi, utasahau. Pesa ya 500 ndiyo inayosahaulika upesi kuliko zote, na ndiyo inayotoka kila siku.

Pili, toa pesa ya kupaki kabla ya pesa ya kula. Hili litaonekana gumu, lakini angalia maana yake. Ukishindwa kulipa mahali, kesho hufanyi kazi, na usipofanya kazi huli. Kwa hiyo pesa ya mahali iko upande mmoja na mafuta. Haitoki katika faida. Ni gharama ya kazi, na faida inaanza baada yake.

Tatu, uliza kabla ya kukubali kazi. Watu wanauliza mshahara tu. Kazi ya 300,000 unayofika kwa miguu na kazi ya 330,000 ambayo utalipia kupaki 2,000 kila siku, ipi ni nzuri? Siku 26 kwa 2,000 ni 52,000. Ile ya pili inabaki 278,000, na bado hujaweka mafuta. Muulize bosi kwa heshima siku ya kwanza: "Wafanyakazi wanaweka pikipiki wapi? Ndani kuna nafasi?" Siku ya kwanza hilo ni swali la kawaida. Baada ya miezi mitatu linakuwa lalamiko.

Nne, acha chombo mbali utembee. Mtu wa ofisi au wa usafi si lazima afike mlangoni na pikipiki. Kama una rafiki mwenye uwanja Katwe au Nsambya, acha pale, panda mji kwa miguu. Miguu haina tiketi. Lakini hili si la mwenye boda, yeye pikipiki ndiyo duka lake.

Tano, laleni pamoja. Hatusemi watu, tunasema pikipiki. Vijana wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kuongea na mwenye uwanja mmoja wenye ukuta, wakalipa kwa mwezi badala ya kwa usiku. Anayelipa kwa mwezi, tena akiwa na wenzake, anaweza kupunguziwa. Andikeni mapatano, hata kwa mkono: nani analaza, bei gani, nani anajibu kama kimeibiwa kitu. Weka sahihi za pande zote.

Sita, ada ya kuingia steji msiikope kwa mtu wa riba. Hapa likelemba yetu ya nyumbani inafaa. Watu kumi wakitoa 30,000 kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mtu mmoja anapokea 300,000 kwa mkupuo. Kijana anayetafuta steji aombe zamu ya mwanzoni, na wenzake wamkubalie kama ni mtu wa kulipa.

Saba, usikimbie tiketi. Kuna vijana wanaona ni ujanja kuondoka kabla mwenye kukusanya hajafika. Kwa gari hilo ni hatari, kwa sababu tiketi inaandikwa kwa namba ya gari na deni linalifuata. Siku moja gurudumu linafungwa chuma, na hapo utalipa deni pamoja na adhabu, tena siku nzima ya kazi imekwenda.

Nane, kama unaona unatozwa zaidi kwa sababu tu wewe ni mgeni, usipigane na usinyamaze. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutafuta kazi. Nenda na kitambulisho chako kwa mwenyekiti wa steji, pamoja na jirani anayejua Luganda vizuri. Uliza wenzako wanalipa ngapi. Omba risiti au sahihi katika daftari yako. Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa LC 1 wa mtaa. Mtu anayeandika malipo yake anasikilizwa kuliko mtu anayepiga kelele.

Hili msilifanye

Kuna njia moja ya kubana matumizi ambayo tunawakataza kabisa. Wengine, ili waokoe ile 1,000 ya usiku, wanaingiza pikipiki ndani ya chumba wanacholala na watoto. Chumba ni kimoja, mlango mmoja, na jiko la makala linawaka pembeni. Mafuta ya petroli yanatoa mvuke hata tenki likiwa limefungwa. Mvuke huo hauonekani, unatembea chini sakafuni mpaka kwenye moto. Na kama pikipiki imesimama mlangoni, watoto watatokea wapi?

Tunawaomba akina baba, hiyo 1,000 msiiokoe kwa roho za watoto. Kama kweli haipatikani, ongea na mwenye nyumba akuruhusu uifunge kwa mnyororo uani, mbali na mahali pa kupikia, na majirani wakusaidie kusikiliza usiku. Fumbua neno hili mapema, usingoje giza liingie.

Siku ambazo pikipiki haitembei

Jambo lingine linalosahaulika: mahali panalipwa hata siku huna kazi. Mnakumbuka wakati wa korona. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi karibu mwisho wa mwezi wa saba mwaka 2020 boda zilikatazwa kubeba abiria. Mizigo tu ndiyo iliruhusiwa. Wateja walikwisha, lakini usiku uliendelea kuja na pikipiki iliendelea kulala kwa watu. Waliokuwa na akiba kidogo walivuka. Wasiokuwa nayo waliacha pikipiki kwa deni.

Ugonjwa ni hivyohivyo, msiba ni hivyohivyo, mvua kubwa ni hivyohivyo. Kwa hiyo weka akiba ya mahali, walau ya wiki mbili. Katika mfano wetu ni usiku 14 kwa 1,000, yaani 14,000. Ukitenga 500 kila siku ya kazi, siku 28 za kazi zinatosha. Weka mbali na pesa ya kula, mkono usiizoee.

Na ninyi mlio kambini

Tusiwape kazi wa Kampala peke yao. Sisi wa huku nasi tuna yetu.

Usianze kwa kushitaki. Badala ya "umezila na nani?", sema, "Nisomee daftari." Maneno haya mawili yamefungua mlango katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zinakwenda kwa wazee. Anayeandika ataisoma bila hofu. Asiyeandika ataona haya, na mwezi ujao ataandika.

Kisha na wewe soma yako. Baba wa Kampala naye hajui kwamba mashine ya kusaga imepandisha bei, kwamba mtoto ameombwa daftari mpya shuleni, kwamba makala ya huku nayo inanunuliwa. Yeye anafikiri kambini kila kitu ni cha bure. Chagueni siku moja mwisho wa mwezi, simu moja, madaftari mawili. Huyu anasoma, yule anasikiliza, halafu mnabadilishana. Mwisho mnakubaliana kiasi ambacho kweli kitatumwa. Ni heri kuahidiwa 89,000 ukapata 89,000, kuliko kungojea 140,000 ukalia.

Na wazazi wenye watoto wakubwa Kampala, tunawaomba jambo moja: kijana akisema mwezi huu analipa ada ya steji, msimwite mwenye moyo mgumu. Mwezi huo atatuma kidogo, labda hatatuma kabisa. Anajenga mahali pa kusimama. Mkimvuta arudishe pesa hiyo nyumbani, mtakula wiki mbili, na yeye atabaki anazunguka mjini bila steji mwaka mzima.

Kazi ya mwezi huu

Kila nyumba yenye mtu Kampala, fanyeni hesabu kama ile ya juu, kwa namba zenu za kweli. Andikeni chini: pesa ya kupaki kwa siku, kwa mwezi, kwa mwaka. Wengine mtashtuka. Katika mfano wetu, 51,000 kwa mwezi ni 612,000 kwa mwaka. Mkishaiona, itafuteni sehemu moja tu ya kupunguza, moja inatosha kwa kuanza.

Watakaopenda, watuletee hesabu zao na njia walizogundua, tuwasaidie wengine. Majina hatutayaandika.

Mwezi ujao tutaongea juu ya karo za shule na namna ya kuzigawa kwa wiki. Mpaka hapo tunawaacha na amani. Wasalimieni watoto.